Uziwi wa Kazini Ugunduliwe Mapema

Mfanyakazi akikatwa kidole na msumeno, kazi husimama. Damu huonekana, wenzake hukimbilia kumsaidia, na tukio huandikwa katika daftari la ajali. Lakini mfanyakazi anayepoteza usikivu kwa sababu ya kelele za mashine hatoki damu wala hapati maumivu. Hufika kazini kila siku, na kila siku hupungukiwa kidogo, hadi anapotambua kwamba watoto wake wanazungumza naye na yeye hapati wanalosema. Siku hiyo huwa amekwisha kuchelewa, kwa maana uziwi wa namna hiyo hauna dawa.

Jambo hili si la miji mikubwa peke yake. Butare, ile iliyo katika Wilaya ya Rusizi, yaani Cyangugu ya zamani, magharibi mwa Rwanda, ni sekta ya vijijini ambayo wakazi wake wengi huishi kwa kilimo. Isichanganywe na mji wa Butare wa kusini, ambao sasa huitwa Huye. Hata hivyo, ni wilaya hiyo hiyo ya Rusizi iliyo na kiwanda cha saruji cha CIMERWA, huko Muganza, kilichoanza kuzalisha mwaka 1984 na kupata mtambo mpya wa tani 600,000 kwa mwaka mnamo 2015. Bonde la Bugarama hulimwa mpunga, na mpunga hukobolewa kwa mashine. Na hata pale pasipo na kiwanda, ni nadra siku hizi kukosa mashine ya kusaga unga, karakana ya seremala au fundi wa kuchomelea vyuma. Kelele imemfuata mkulima hadi mlangoni pake.

Wataalamu huhesabu kwamba hatari huanza kelele inapofikia desibeli 85 kwa saa nane za kazi. Kwa kipimo kinachofuatwa na wengi wao, kila kelele inapoongezeka kwa desibeli 3, muda wa usalama hupungua kwa nusu: saa nne kwa desibeli 88, na saa mbili kwa desibeli 91. Asiye na chombo cha kupimia anayo dalili nyepesi. Watu wawili waliosimama umbali wa mkono mmoja wakilazimika kupaza sauti ili wasikilizane, yamkini kelele ya mahali hapo imekwisha kuvuka mpaka.

Ndani kabisa ya sikio kimo kiungo kidogo chenye umbo la konokono, na humo zimo chembe hai zenye vinyweleo ambazo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye mishipa ya fahamu. Kelele kubwa huzichosha chembe hizo, na ikirudiwa kwa miezi na miaka huziua. Zikifa, hazioti tena. Zinazotangulia kufa kwa kawaida ni zile zinazopokea sauti nyembamba, hasa za mitetemo ipatayo 4,000 kwa sekunde, nazo ndizo zinazomwezesha mtu kutofautisha s, sh na f. Ndiyo maana mgonjwa husikia kwamba anasemeshwa, lakini hajui anaambiwa nini. Fika na shika kwake huwa neno moja. Huwalaumu wenzake kwamba hawatamki vizuri, na nyumbani huongeza sauti ya redio. Wengine husikia mlio masikioni baada ya zamu, na ukitoweka asubuhi hudhani wamepona.

Kwa hiyo, kumngojea mfanyakazi alalamike ni kungojea hasara itimie. Lazima kipimo kimfuate. Kipimo chenyewe si kigumu: mtu huketi mahali patulivu, huvaa vipokea sauti, na huonyesha ishara kila anaposikia mlio, hata ukiwa hafifu. Linalotakiwa ni utaratibu. Apimwe kabla ya kuanza kazi, na matokeo yahifadhiwe. Kisha apimwe kila mwaka, na matokeo mapya yalinganishwe na yale ya kwanza. Kipimo cha kwanza kifanywe akiwa amepumzika na kelele kwa muda wa saa 14 hivi, ili uchovu wa sikio usidhaniwe kuwa ugonjwa.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1886, daktari Thomas Barr wa Glasgow aliwapima mafundi 100 wa matangi ya mvuke kwa mlio wa saa ya mfukoni, na hakumpata hata mmoja mwenye usikivu kamili. Katika Afrika ya Mashariki, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya chuma nchini Tanzania uliwakuta asilimia 48 wakiwa na upungufu wa usikivu, wakati miongoni mwa walimu waliolinganishwa nao walikuwa asilimia 31.

Sheria nazo zipo. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 ziliweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa nane. Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya wanapoanza kazi na mara kwa mara baadaye. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inamdai mwajiri alinde afya kazini, na katika jambo hilo haikumwacha nje mfanyakazi wa sekta isiyo rasmi. Aidha, Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya nchi hiyo inao mpango wa fidia kwa magonjwa yatokanayo na kazi. Lakini fidia hutaka ushahidi. Asiyepimwa alipoajiriwa atathibitisha vipi, baada ya miaka ishirini, kwamba alikuja na masikio mazima?

Hapana budi kuitazama pia hofu ya mfanyakazi. Wapo wanaokwepa kupimwa wakidhani kwamba karatasi ya daktari itakuwa barua ya kufukuzwa. Hofu hiyo itaondoka tu pale kipimo kitakapotumika kuihukumu mashine badala ya mtu: mtambo ufungiwe au ukarabatiwe, zamu zifupishwe, vizibo vya masikio vitolewe bila malipo, na aliyeanza kudhurika apewe kazi penye utulivu bila kupunguziwa mshahara. Kupima kila mwaka na kuiacha kelele ilivyo ni kuandika tu daftari la hasara.

Mwenye mashine moja ya kusaga hawezi kununua chombo cha kupimia, lakini wenye mashine kumi wakishirikiana na kituo cha afya wanaweza kualika mpimaji siku moja kwa mwaka. Wahenga walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Masikio ya wasagaji na mafundi hayajakaidi dawa, mengi hayajaipata. Ni wajibu wa waajiri, vyama vya wafanyakazi na wakaguzi wa kazi kuhakikisha kwamba inawafikia wakiwa bado wanasikia.