Kipimo Kwanza, Kiti Baadaye



Tumezoea kuchanga fedha, kununua kiti cha magurudumu na kumkabidhi ndugu mwenye ulemavu mbele ya kanisa, naye akashukuru. Leo twajiuliza: je, tulimpima? Kiti kisichomfaa humpinda mtu mgongo na kumtia vidonda makalioni; vidonda hivyo vyaweza kumwua.

Huko Marekani, bima ya Medicare hailipii kiti cha umeme mpaka daktari amwone mgonjwa ana kwa ana na kuandika kwa nini fimbo au kiti cha kusukuma kwa mikono hakimtoshi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2008, liliweka uchunguzi na vipimo mbele ya kiti. Hata hapa nchini, chuo cha TATCOT kilichoko Moshi kimefundisha mafundi wa kazi hiyo.

Basi sisi wa Nyololo, kabla ya kuchanga, tumsindikize ndugu yetu kwa daktari. Cheti kieleze ugonjwa wake, nguvu za mikono, uoni, na vipimo vya nyonga na mapaja. Nasi tuongeze yale asiyoyaona daktari: upana wa mlango, mteremko wa njia wakati wa masika, na kama nyumbani kuna umeme wa kuchajia betri.

Lakini cheti kisigeuke ukuta. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambulia haki ya huduma za afya. Haki hiyo isimpotee kwa kukosa nauli. Nauli hiyo ndiyo iwe mchango wetu wa kwanza.