Sherehe ya Mtoto Mdogo Nyumbani: Pesa Kidogo, Macho Mengi

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo la furaha, yaani sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mtoto mdogo, yule wa mwaka 1 hadi miaka 3. Mtajiuliza, sherehe na afya zinahusiana vipi? Sikilizeni kisa hiki.

Jumanne moja mama alimleta mtoto wake wa miaka 2 kliniki. Mtoto alikuwa na kikohozi na homa, na kifua kilikuwa kikitoa sauti ya mluzi. Mama alidhani ni nimonia. Nilipomsikiliza kifua, upande mmoja hewa ilikuwa ikiingia vizuri, lakini upande wa pili ilikuwa kidogo sana. Nikamwuliza, "Mama, kikohozi hiki kilianza lini hasa?" Akafikiri kidogo, akasema, "Jumamosi, siku yake ya kuzaliwa. Alipaliwa, tukampigapiga mgongoni, akanyamaza, akaendelea kucheza."

Wanaume walikuwa wamekaa kando wakitafuna muguka, na mnajua muguka huendana na njugu karanga. Njugu zilianguka chini, mtoto akaokota. Tulimtuma hospitali kubwa. Huko madaktari walimpa dawa ya usingizi, wakaitoa nusu ya njugu ndani ya njia ya hewa. Mtoto alipona, tunashukuru Mungu.

Baadaye mama huyo aliniambia kwamba alikopa pesa za chama ili akodishe hema, viti na spika, na keki aliagiza mjini. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Sista, nililipia kila kitu, lakini hakuna aliyekuwa akimwangalia mtoto."

Wapenzi wasikilizaji, hilo ndilo somo letu la leo. Mtoto wa miaka 2 hajui hema wala spika. Anachokijua ni mama, baba, nyanya, wenzake wachache, kitu kitamu na mchezo. Sherehe ya namna hiyo haihitaji pesa nyingi. Inahitaji macho.

TUPANGE NAMNA GANI?

Kwanza, alika watoto wachache. Wanne au watano wanatosha, kila mmoja na mzazi au mlezi wake. Watoto wengi wadogo mahali pamoja huogopa, hulia na kugombana.

Pili, chagua saa ya asubuhi, mtoto akiwa ameamka vizuri na hajachoka. Saa nne hadi saa sita inafaa sana. Mtoto mdogo akipita saa mbili za kelele huchoka, na wewe pia utapunguza gharama, kwa kuwa watu hawatangoja chakula cha mchana na cha jioni.

Tatu, na hili ndilo kubwa, chagua mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwaangalia watoto tu. Asipike, asipige picha, asishike simu. Anaweza kuwa shangazi au nyanya mwenye nguvu. Baada ya nusu saa apokelewe na mwingine. Tukisema "tuko wengi, wataangaliwa", mara nyingi kila mtu hudhani mwenzake anaangalia.

CHAKULA

Chakula cha sherehe kiko shambani na sokoni kwetu. Mukimo laini, viazi vitamu, ndizi mbivu, parachichi, mayai ya kuchemsha yaliyopondwa, na maembe ya Mbeere yakiwa katika msimu wake. Badala ya soda, tengeneza juisi ya pasheni au ya maembe kwa maji yaliyochemshwa, au weka uji mzuri wa wimbi. Soda ina sukari nyingi, humshibisha mtoto na kuharibu meno.

Keki unaweza kuioka nyumbani bila ovena. Tandaza mchanga mkavu na safi ndani ya sufuria kubwa, upashe moto juu ya jiko, weka sufuria ndogo yenye mchanganyiko wako ndani yake, funika, kisha weka makaa machache juu ya mfuniko. Mtoto wangu alipofika miaka 2 niliioka hivyo siku iliyotangulia. Pamoja na chakula cha watoto watano na wazazi wao, sikutumia zaidi ya shilingi elfu mbili, kwa sababu viazi, ndizi na mayai vilitoka nyumbani. Lakini jiko la makaa liwe nje au mahali penye hewa ya kutosha. Usilifungie ndani ya chumba, kwa kuwa hewa ya makaa huua watu bila harufu ya kuwaonya.

Sasa sikilizeni vitu ambavyo HAVIFAI kuwekwa mbele ya mtoto mdogo: njugu karanga, makadamia, popkoni, peremende ngumu, chingamu, na vipande vigumu vya karoti mbichi. Najua makadamia tunayapanda wenyewe hapa Embu na Meru, na ni chakula bora. Lakini njugu nzima na makadamia mazima yangoje mpaka mtoto afike miaka 5. Mtoto mdogo hana magego ya kutosha kusaga, na njia yake ya hewa ni nyembamba, karibu kama kidole chake kidogo cha mwisho. Soseji usiikate kwa duara kama sarafu, kwa sababu kipande cha duara huziba kabisa. Ipasue kwa urefu mara nne, kisha uikate ndogo ndogo. Fanya hivyo hivyo kwa zabibu.

Watoto wale wakiwa wamekaa. Mtoto anayekimbia na chakula mdomoni, au anayerushwa juu huku akitafuna, hupaliwa kwa urahisi. Na baba zangu na kaka zangu, kama mna njugu zenu, kaeni mbali na watoto, mkimaliza fagieni.

Kabla ya kula, kila mtu anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama hakuna mfereji, toboa tundu dogo kwenye dumu la lita 5, ulining'inize. Karai moja la kunawia watu wote halisafishi, hugawa uchafu. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2.

MICHEZO NA MAPAMBO

Watu wengi hufikiri sherehe ni baluni. Wapenzi wasikilizaji, baluni iliyopasuka, au ambayo haijajazwa, ni miongoni mwa vitu hatari sana kwa mtoto mdogo. Akiuvuta ule mpira mdomoni, hujinata kooni na kufuata umbo lake, na ni vigumu kuutoa. Tumia maua ya shamba, leso za rangi, na makaratasi ya rangi yaliyofungwa juu mtoto asikofika.

Michezo ya bure ni mingi. Mpe mtoto debe na mwiko apige ngoma. Mpe katoni kubwa atambae ndani. Shona mpira wa matambara. Mtu mzima apulize mapovu ya sabuni, watoto wayafukuze. Imbeni nyimbo za kupiga makofi, za Kimeru, Kiembu au Kiswahili, na nyanya atoe hadithi fupi.

Kabla wageni hawajafika, zunguka boma lako ukiwa umechuchumaa, uone kama mtoto aonavyo. Ndoo na mapipa ya maji yafunikwe, maana mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye maji kidogo ndani ya ndoo. Chai ya moto isiwekwe juu ya kitambaa ambacho mtoto anaweza kukivuta. Dawa za shamba na mafuta ya taa zifungiwe juu, wala zisitiwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe, usimpe maziwa, mkimbize hospitali.

MTOTO AKIPALIWA

Kama anakohoa kwa nguvu au analia, hewa bado inapita. Mwache akohoe, kaa naye karibu. Usimpe maji wala ndizi, na usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona, kwani utakisukuma ndani zaidi.

Kama hawezi kulia, kukohoa wala kupumua, piga kelele ya kuomba msaada na uanze mara moja.

Mtoto aliyetimiza mwaka 1: mwinamishe mbele, umpige kwa nguvu kati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja, mara 5. Kisipotoka, piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, chini ya mfupa wa kifua, ushike ngumi hiyo kwa mkono wa pili, uvute ndani na juu, mara 5. Rudia hivyo mpaka kitoke.

Mtoto wa chini ya mwaka 1: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mgongoni mara 5. Kisha mgeuze chali, umbonyeze katikati ya kifua mara 5. Huyu usimbonyeze tumbo hata kidogo.

Akizirai, mlaze mahali pagumu. Aliyefundishwa aanze kumpulizia pumzi na kumbonyeza kifua, na wengine watafute gari la kwenda hospitali. Hata kitu kikitoka, mtoto aliyebonyezwa tumbo apelekwe akapimwe. Na kama mtoto alipaliwa akatulia, kisha baada ya siku chache akaanza kikohozi au mluzi wa kifua, mwambie muuguzi waziwazi: "Alipaliwa siku fulani, alikuwa akila kitu fulani." Maneno hayo yanaweza kumwokoa.

ZAWADI

Siku hiyo ya kuzaliwa, toa kile kijitabu cha kliniki ukitazame. Je, alipata chanjo ya surua na rubella ya miezi 9, na ile ya miezi 18? Vitamini A hupewa kila miezi 6 tangu miezi 6 mpaka miaka 5, na dawa ya minyoo kila miezi 6 tangu mwaka 1. Kama kuna iliyopita, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu wiki hiyo hiyo. Hiyo ni zawadi kubwa kuliko gari la plastiki.

Wahenga walisema, kinga ni bora kuliko tiba. Basi usikope kwa ajili ya hema. Pika mukimo, imba na mtoto wako, na uhakikishe kuna mtu anayemwangalia.