Wakili Aliyeshindwa Mara Nyingi
Hotuba mbele ya wanachama



Nimeombwa niseme juu ya mtu mmoja katika watu wa siasa, nami nimemchagua wa mbali: Paul O'Dwyer, mgeni kutoka Ireland, wakili wa New York. Nimemchagua khasa kwa kuwa alishindwa katika uchaguzi mara nyingi kuliko alivyoshinda.

Alizaliwa mwaka 1907 kijijini Bohola, kitinda mimba wa watoto 11. Wazazi wake wote wawili walikuwa waalimu. Mwaka 1925 aliwafuata kaka zake New York, akafanya kazi za mikono huku akisoma sheria, na mwaka 1931 akapata uraia na ruhusa ya uwakili. Kaka yake William alichaguliwa Meya wa mji ule mwaka 1945. Mimi ni mwenye duka, na najua kuwa ndugu wa mkubwa hapimiwi kwa mizani ya watu wote. Paul angaliweza kukaa akala kwa jina la kaka yake. Walakini tazameni aliwatetea nani.

Kampuni kubwa ya bima ilijenga mtaa uitwao Stuyvesant Town, nyumba zaidi ya 8,000, kwa ardhi iliyotwaliwa kwa nguvu za serikali na kwa kusamehewa kodi. Kisha ikakataa kumpangisha mtu mweusi. Baadhi ya wapangaji weupe wakasimama kuipinga dhulma hiyo, na kampuni ikataka kuwatoa majumbani mwao. O'Dwyer alikuwa wakili wao. Mwaka 1951 Baraza la Mji likapitisha sheria ya kukataza ubaguzi ule, na mwanzoni mwa 1952 kampuni ikaacha kuwafukuza.

Likafuata jambo la kura, ambalo sisi tunaloishi kwa kura yatupasa kulitega sikio. Watu wa Puerto Rico walikuwa raia wa Marekani tangu 1917, lakini katika New York asiyejua kusoma Kiingereza hakuandikishwa, hata awe msomi wa Kispaniola. Kodi alitoa, jeshini alipelekwa, sandukuni hakufika. O'Dwyer aliipeleka daawa yao hata Mahkama Kuu ya Marekani, na mwaka 1966 mahkama hiyo ikaithibitisha sheria iliyowafungulia mlango wale waliosoma skuli za Kispaniola chini ya bendera ya Marekani.

Sasa nije kwenye lile ambalo wengine wenu hamtalipenda. Mwaka 1968 chama chake, Demokrati, kilimteua kugombea Baraza la Senet. Mgombea urais wa chama hicho hicho alikuwa Humphrey, naye hakutaka kuvikana vita vya Vietnam. O'Dwyer akakataa kumuunga mkono hata uchaguzi ulipokaribia sana. Wapo watakaosema huo ni uasi wa chama. Lakini katika jimbo la New York Humphrey alipata kura nyingi. Aliyeanguka ni O'Dwyer. Kwa hiyo gharama ya neno lake aliilipa mwenyewe, hakumtwika mwenziwe. Kwa rai yangu, mwanachama wa namna hiyo hakivunji chama. Anayekivunja ni yule anayenong'ona vibarazani, kisha mkutanoni akapiga makofi.

Wala hakuhama. Alishindwa kuwa Meya, akashindwa Senet tena na tena, akarudi kwenye mikutano ya chama kile kile. Mwaka 1973 watu wa mji wakamchagua Rais wa Baraza la Mji.

Huko alifanya jambo moja dogo. Muhuri wa New York ulikuwa na mwaka 1664, ambao Waingereza walipouteka mji. O'Dwyer akashikilia uandikwe 1625, wa Waholanzi walioanza kuujenga. Sikatai kwamba kinyongo cha Muireland kilikuwamo. Mwaka 1977 alishindwa tena, akatoka barazani, na mwaka 1998 akafariki, umri wake miaka 90. Muhuri ungali na 1625.