Mkono Unaojua na Moyo Unaohurumia

Leo twataka kufikiri pamoja juu ya kidonda, na juu ya mkono unaokiosha.

Sisi wachungaji huzuru wagonjwa mara nyingi, na harufu ya wodi si jambo geni kwetu. Lakini siku moja tulishindwa. Tulikwenda pamoja na wazee wawili wa kanisa kumwona mzee mmoja aliyejikata muundi kwa jembe shambani. Kidonda kilikuwa kimeoza, na harufu yake ilitukuta mlangoni. Twakiri mbele yenu kwamba tulisimama mbali na kitanda, tukaomba sala fupi, leso zikiwa puani. Tulipogeuka kwenda zetu, mzee akatutazama, akasema, "Hata ninyi, wachungaji?"

Nje ya mlango muuguzi akatueleza kwamba mzee alikuwa amekataa kufunguliwa kidonda kwa siku mbili, na daktari alianza kuogopa kwamba mguu ungekatwa. Basi tukarudi, tukaketi karibu naye, tukamwuliza sababu.

Akatuambia. Nyumbani, mkewe alimpaka majivu na mavi ya ng'ombe, kama alivyofundishwa na wakubwa wake. Alifanya hivyo kwa mapenzi, huku akilia. Lakini, ndugu zangu, mavi ya wanyama huweza kubeba vijidudu vya pepopunda, na majivu hayasafishi kidonda. Huruma ilikuwapo, ujuzi haukuwapo.

Kisha akaletwa hospitali. Huko mhudumu mmoja mwenye haraka aliikuta bandeji imekauka na kushikamana na nyama, akaivuta kwa mkupuo mmoja. Damu ikatoka, na nyama changa ikang'oka pamoja na kitambaa. "Yule alijua kazi yake," mzee akasema, "lakini hakuniona mimi." Hapo ujuzi ulikuwapo, huruma haikuwapo. Tangu siku hiyo mzee aliona heri afe na kidonda chake.

Yule muuguzi alisikia maneno hayo yote. Akavuta kiti, akaketi, akasema, "Baba, leo hatuvuti. Ukisema ngoja, nitangoja." Akampa vidonge vya kutuliza maumivu, akaenda kuwahudumia wengine mpaka dawa ifanye kazi. Aliporudi akazungusha pazia, akanawa mikono kwa sabuni, akaimwagia bandeji maji safi ya chumvi. Kisha akangoja. Sisi tulidhani anachelewa bure, kumbe nyama mpya hushika kitambaa kikavu, na maji hukilegeza kitoke bila kuing'oa. Mara mbili mzee alisema, "Ngoja, binti yangu," na mara mbili mkono ulisimama.

Kidonda kilipofunuliwa, hakugeuza uso. Alikichungua: wapi nyama ni nyekundu na hai, wapi pana usaha, wapi ni nyeusi na imekufa. Akakipima kwa rula, akakisafisha, akakifunika. Alipokwisha kufunga, akabonyeza ukucha wa kidole cha mguu aone kama damu yarudi, maana bandeji iliyokazwa mno huzuia damu. Mwisho akaandika yote aliyoyaona, ili muuguzi wa zamu nyingine ajue pa kuanzia. Kesho yake akaanza tena.

Mguu ule haukukatwa. Ulipona polepole, kwa majuma mengi, na mzee akaenda nyumbani kwa fimbo, na kovu kubwa.

Wasikilizaji wapenzi, mwaka 1860 Florence Nightingale alianzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London. Katika vita vya Krimea alikuwa amewaona askari wengi wakifa, si kwa majeraha yao tu, bali zaidi kwa magonjwa. Alikuwa mtu wa imani, lakini hakusema kwamba moyo mwema watosha. Alitaka wauguzi wafundishwe.

Tena mtazameni Msamaria katika Injili ya Luka, mlango wa 10. Kuhani na Mlawi walipita upande wa pili, kama sisi tulivyosimama na leso zetu. Msamaria alisikia huruma, lakini hakuishia kulia kando ya njia. Alikuwa na mafuta na divai, vitu ambavyo watu wa siku zile walitibia vidonda, naye alijua kuvitumia na kufunga. Akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akampeleka katika nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kurudi. Alijua kwamba kidonda hakiponi kwa siku moja.

Basi, wewe muuguzi unayetusikia, pengine umechoka baada ya zamu ya usiku: usidhani kwamba kuosha kidonda ni kazi ndogo mbele za Mungu. Jifunze vizuri, nawa mikono, nenda taratibu. Na wewe uliye nyumbani, ukimpenda mgonjwa wako, usimpake usichokijua. Mwoshe jeraha kwa maji safi, umpeleke hospitali mapema. Nasi tunaozuru wagonjwa, tuweke leso mfukoni, tuvute kiti.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyemgusa mwenye ukoma wakati wengine walipomkimbia, wabariki wauguzi wote. Ipe mikono yao ujuzi, na mioyo yao uvumilivu. Utusamehe sisi tuliosimama mbali, utufundishe kukaribia. Amina.