Mvuvi Arejeapo Kibanjani



Wapo vijana wa Karagwe na Kyerwa wanaokiacha kibanja na kwenda kufanya kazi Ziwa Viktoria, katika visiwa vya Wilaya ya Muleba kama Goziba, Ikuza na Bumbire. Sangara alipoongezeka sana ziwani katika miaka ya 1980, sifa za mialo zilienea, na hadi leo ziwa lingali likiwaita watu. Lakini hufika siku kijana akarudi. Mazungumzo haya yahusu siku hiyo, kwani chama cha msingi kisipompokea vema chaweza kujikuta kinashindana naye.

Kwanza yafaa kufahamu atokako. Baharia wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na hupumzika wakati wa mbalamwezi. Malipo yake ni mgao: tajiri mwenye mtumbwi na nyavu huondoa kwanza gharama za mafuta na chakula, kisha kinachobaki hugawanywa. Samaki wakikosekana, baharia hupata jasho tupu. Basi mtu aliyeweza kuweka akiba katika hali hiyo ana nidhamu, hata kama akiba yenyewe ni ndogo.

Arejeapo nyumbani hukuta nini? Kibanja ni cha baba, na pengine kimekwisha gawanywa kwa ndugu waliobaki. Mikahawa mingine imezeeka, na mingine imekaushwa na mnyauko fuzari, ugonjwa ambao uligunduliwa humu mkoani Kagera mwaka 1997. Yeye ana fedha taslimu mkononi, nao majirani wana shida ya karo, ya matibabu au ya msiba. Hapo ndipo butura inapobisha hodi.

Kila mwanachama aijua butura. Mkulima huuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei inayopangwa na shida yake, na siku ya mavuno gunia huwa mali ya mwingine. Mkulima hupoteza bei ya haki, na chama hupoteza kilo na ushuru wa kujiendeshea. Serikali imeipiga vita biashara hii mara nyingi. Hata hivyo, kijana aliyeingia humo aghalabu hakukusudia uovu. Aliweka akiba yake katika biashara ya kwanza iliyomjia mlangoni.

Ipo kazi nyingine ambayo vyama vyaweza kumpa, nayo ni ufundi wa miche ya vikonyo. Robusta huchavushwa kwa chavua ya mkahawa mwingine, hivyo mbegu yake haitoi mti uliofanana kabisa na mama. Mkahawa wenye ukinzani dhidi ya mnyauko, kama ile iliyotafitiwa katika kituo cha TaCRI, Maruku, hauna budi kuzalishwa kwa kikonyo kilichokatwa katika bustani mama inayojulikana. Kikonyo hukatwa kwa kisu safi, jani lake hupunguzwa, kisha huwekwa penye kivuli na unyevu hadi kitoe mizizi, ndipo kihamishiwe kwenye kiriba. Siku chache za kusahau maji hutosha kuangamiza kitalu kizima. Mtu aliyezoea kukesha juu ya maji, katika kazi isiyokubali kuahirishwa, ana sehemu kubwa ya tabia itakiwayo. Ufundi wenyewe atafundishwa.

Lakini ukweli usifichwe: butura hulipa ndani ya msimu mmoja, na miche huchukua miezi mingi kabla ya kuuzwa. Fundi hawezi kusubiri kwa tumbo tupu. Kwa hiyo makatibu wanashauriwa mambo manne.

Kwanza, kijana arejeapo aitwe ofisini mapema, aelezwe hisa na masharti ya uanachama. Kama masharti yadai shamba naye hana, shauri lifikishwe kwenye bodi, lisiachwe likafa mezani.

Pili, apelekwe kujifunza kwa wataalamu kabla ya kukabidhiwa kikonyo hata kimoja. Miche isiyojulikana asili yake yaweza kuwarudishia wanachama hasara ile ile ya mnyauko.

Tatu, kazi iwe na mkataba wa maandishi unaotaja idadi ya miche, bei ya kila mche ulio hai, na malipo kwa hatua: sehemu vikonyo vitoapo mizizi, na iliyobaki miche ikabidhiwapo kwa wakulima.

Nne, ashauriwe kuweka akiba yake katika chama cha akiba na mikopo kilicho karibu. Fedha ile ile ambayo ingenunua maua ya jirani yaweza kumkopesha jirani huyo karo kwa utaratibu unaojulikana, na kahawa yake ikabaki yake hadi mavuno.

Ndugu Wanachama, kijana wa ziwani asipokewe kwa masimango kwamba alikimbia jembe. Mkutano mkuu ujao wa kila chama uulize: ni wangapi wamerudi kijijini, na chama kimewapa kazi gani? Jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na jina la mjumbe atakayelifuatilia.