Ushahidi: Jina la Kwetu Lililovuka Bahari

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na familia zao kabla ya futari)

  



Nimepewa dakika chache tu, na naona macho ya wengine yameshafika kwenye sahani za tende, kwa hivyo sitazunguka. Nimeambiwa nizungumze juu ya vijana na teknolojia. Kwa kawaida mada hii huwa na khutba moja tu, kwamba simu zinatuharibu. Hilo mmeshalisikia tangu mwezi uandame, na mimi silipingi. Lakini leo nataka kuzungumza juu ya kitu kidogo zaidi. Nataka kuzungumza juu ya jina.

Mimi na wenzangu watatu chuoni tulitengeneza programu ndogo ya simu ya kusaidia kamati ya msikiti wakati wa zakatul fitri: nani ametoa, pishi ngapi, na nyumba gani zipelekewe kabla ya swala ya Idi. Si jambo kubwa. Tukaipa jina la Kiingereza, refu, la kupendeza. Nyanya yangu akaniuliza, hiyo programu yenu inaitwaje? Nikamwambia. Akajaribu kulitamka mara mbili, akaacha. Akasema, "Sasa mwanangu, hao mtakaowapelekea mchele ni Waingereza?"

Nilicheka, lakini neno lile lilinichoma. Ukweli ni kwamba jina lile hatukuliweka kwa ajili ya watu wa mtaa wetu. Tuliliweka kwa ajili ya mtu tusiyemjua, mtu wa ng'ambo mwenye fedha, ambaye tulidhani atatudharau akisikia Kiswahili. Yaani kabla hajatudharau, sisi tumeshajidharau wenyewe.

Basi nikaanza kutafuta. Je, kuna watu wa kwetu waliotoka na kitu chao na jina lao, wakaenda nalo duniani?

Wengi mtasema M-Pesa. Na ni kweli, tangu Machi 2007 jina lile limetutoa. Lakini tuwe wakweli, mradi ule ulianzishwa na watu wa Vodafone ya Uingereza, na serikali ya Uingereza ilitia fedha mwanzoni. Sisi tuliupokea, tukaufanya mkubwa kwa jinsi tulivyoutumia. Hiyo nayo ni fahari, ila ni fahari ya namna nyingine. Mfano ninaoutaka mimi ni Ushahidi.

Wadogo zetu waliokaa mbele hapa walikuwa hawajazaliwa. Uchaguzi ulikuwa Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, nchi ikawaka. Siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu wakawa wanauawa na kufukuzwa makwao, na jirani hajui la jirani. Hadi mambo yanatulia, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekufa na mamia ya maelfu wamekimbia nyumba zao. Wazee waliopo hapa hawahitaji kuhadithiwa.

Dada mmoja mwanasheria, Ory Okolloh, alikuwa akiandika habari hizo kila siku kwenye mtandao. Huyu ndiye aliyekuwa ameanzisha Mzalendo mwaka 2006 pamoja na mwenzake, ili wananchi wajue wabunge wao wanafanya nini bungeni. (Angalieni jina hilo nalo.) Mwanzoni mwa Januari 2008 aliuliza wasomaji wake: hakuna mafundi wa kutengeneza ramani, ili kila anayeshuhudia jambo alitie pale lilipotokea? Wakaitika. David Kobia, Mkenya aliyekuwa Marekani. Erik Hersman, mwana wa Wamarekani aliyekulia Sudan na Kenya. Juliana Rotich, binti wa Bonde la Ufa, aliyesomea mambo ya kompyuta Marekani. Kwa siku chache tu kitu kikasimama. Mtu anatuma habari kwa mtandao au kwa SMS, wale wanaipima, inatiwa kwenye ramani: hapa nyumba zimechomwa, hapa watu wamekwama, na hapa, alhamdulillahi, majirani wamefanya amani.

Wakakiita Ushahidi.

Sasa mimi ninavyoona, hawakukaa kikao kutafuta jina la kuuza nje. Walikuwa hawana wakati. Walikuwa wanazungumza na Mkenya wa Eldoret, wa Kisumu, wa Kibera, wa Naivasha, wakamwambia kwa lugha anayoijua: lete ushahidi. Jina lilikuwa la Kiswahili kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ya watu wa hapa. Basi.

Na programu yenyewe wakaiacha huria, kila mtu aichukue na aitumie bila kulipa. Mwaka ule ule wa 2008 ikatumika Kongo mashariki. Januari 2009, Gaza ilipokuwa inapigwa mabomu, Al Jazeera waliitumia kuweka habari za vita vile kwenye ramani. Januari 2010 likaja tetemeko la Haiti. Wanafunzi wa Boston, watu wa rika langu, wakafungua ramani ya Ushahidi, na walionusurika wakawa wanatuma ujumbe kwa simu kwenye namba fupi, 4636. Ujumbe ulikuwa kwa Krioli, na Wahaiti waliotawanyika ng'ambo wakaufasiri usiku na mchana. Fikirini, mtu yuko chini ya kifusi Port-au-Prince, na kitu kinachobeba habari zake kina jina ambalo nyanya yangu analijua. Machi 2011 Wajapani nao wakakitumia baada ya tetemeko na tsunami.

Lakini lililonifurahisha zaidi mimi, kama mtoto wa madrasa, ni Misri. Novemba 2010 Wamisri walikuwa na uchaguzi wa bunge. Kikundi kimoja kikachukua programu hii kusimamia uchaguzi ule, wakaiita U-Shahid. Hebu tusimame hapo kidogo.

Neno "shahidi" si letu asili. Ni neno la Kiarabu lililokuja na dini na biashara, na ndilo lile lile linalotoa shahada tunayoitamka kila swala. Likafika pwani hii, likakaa karne nyingi, likavaa kiambishi chetu cha "u", likawa ushahidi, jambo linalotolewa mahakamani na barazani. Halafu, baada ya miaka yote hiyo, linatoka Nairobi ndani ya kompyuta, linashuka na mto Nile, linarudi Kairo. Na waliosoma sarfu wananielewa: Mwarabu akisoma "ushaahidu" anasikia kitenzi, ile alifu ya mwanzo ni "mimi". Mimi natazama. Mimi nashuhudia. Kwetu "u" ni jambo, kwao "u" ni mtu anayesimama. Nilipoliona hilo niliifunga kompyuta nikakaa kimya. Tulipewa neno, na tukarudisha neno na kazi juu yake.

Sasa nakuja kwenye fahari, maana najua kuna ustadhi hapa ananiangalia, anajiuliza kama kijana huyu anatufundisha kiburi mwezi wa Ramadhani.

Mwaka 2013 Juliana Rotich alisimama Edinburgh, Scotland, mbele ya watu wa mataifa mbalimbali. Hakwenda kuomba msaada. Alikwenda kuonyesha kifaa kiitwacho BRCK, kilichobuniwa Nairobi, cha kuunganisha intaneti mahali umeme unapokatika kila mara. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mbona tunatumia vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya London na New York, na sisi tunaishi Nairobi? Ukimsikiliza, ile kukatika kwa stima ambayo sisi tunaionea aibu mbele ya wageni, yeye ameigeuza kuwa ujuzi. Anayejua kuishi na giza ndiye atakayejua kutengeneza taa inayofaa gizani.

Je, hicho ni kiburi? Tulifundishwa madrasa kwamba maswahaba waliwahi kuuliza juu ya mtu apendaye nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa hilo si kiburi. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Mizani ndiyo hiyo. Mkenya akisimama ng'ambo na kitu chake kizuri, na lugha yake, na kanga au kanzu yake, hajakosea chochote. Atakosea siku atakapoonyeshwa ukweli akaukataa.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo ningependa kuliruka. Mwaka 2017, dada aliyekuwa akifanya kazi Ushahidi alijitokeza hadharani kusema kwamba alidhalilishwa kijinsia na mkubwa wa shirika. Wakuu wa bodi walilaumiwa sana kwa kuchelewa kuchukua hatua. Mwishowe mkubwa yule akaachishwa kazi. Shirika lililoufundisha ulimwengu kusikiliza mashahidi, shahidi alipotoka ndani ya nyumba yao wenyewe, lilichukua muda kumsikia.

Wapo watakaoniambia, kwa nini unayataja haya, si unaharibu jina la kwetu? Ndugu zangu, Surat An-Nisaa inatuamrisha kusimama na uadilifu na kutoa ushahidi hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Nikilisifu jina Ushahidi halafu nikauficha ushahidi wa dada yule, nitakuwa nimelisifu neno nikaitupa maana yake. Na Ory Okolloh mwenyewe mwaka 2015 alionya kwamba tusizisifu kampuni changa kupita kiasi mpaka zikawa pazia la kufunikia utawala mbovu. Huyo ni mwanzilishi anasema. Kwangu mimi maneno yale hayakuipunguza heshima yake, yaliizidisha.

Turudi mtaani kwetu. Tulikaa tena sisi wanne kujadili jina. Mmoja wetu, na ni rafiki yangu sana, anasema tuache la Kiingereza: tumejaza fomu ya mashindano, majaji ni wageni, na nyanya haendi kutoa zawadi. Hoja yake si ya kupuuzwa, ada ya chuo ya mwenzetu mmoja inategemea zawadi ile. Mimi nasema tuiite Pishi. Mtu yeyote wa mtaa huu akisikia Pishi anajua ni vibaba vinne na anajua ni ya kazi gani. Mgeni akiuliza, tutamweleza, kama Wahaiti walivyoelezwa Ushahidi. Mpaka leo hatujakubaliana. Wawili kwa wawili.

Kwa hivyo nawaomba ninyi mtuamulie. Karatasi iko mlangoni, upande wa kina mama iko nyingine. Andikeni jina moja, na chini yake mwandike kama mtaitumia kweli, maana wale wa mashindano hawataleta hata kibaba kimoja cha mchele hapa. Na mkiona kosa katika hesabu zake, Idi iliyopita kuna nyumba mbili tulizisahau, tuambieni mbele za watu, msitusitiri.

Muadhini ameshasimama. Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.