Lango la Chuo si la Wasomi Peke Yao



Miaka mingi nilipita mbele ya Chuo Kikuu cha Nairobi nikitoka zamu ya usiku, nikidhani lango lile halimfai mtu mwenye grisi mikononi. Nilikosea. Chuo kile kilifunguliwa mwaka 1956 kuwa chuo cha ufundi, kikawa Chuo Kikuu mwaka 1970, na kodi zetu zimo ndani yake. Mwaka 1974 wanafunzi wake walianza kuzunguka nchi wakionyesha michezo ya kuigiza bure. Wao walitujia, sisi je?

Basi, mhadhara wa Taifa Hall ukitangazwa kuwa wa watu wote, twendeni. Tuwahi viti vya mbele, tuulize kwa Kiswahili habari za mishahara na kazi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.